Betri ya Bi Huda

"Moyo uliniambia," Zayed alisema kwa mara ya pili, na kwa mara ya pili Inspekta Somoe hakumsadiki.

Ilikuwa Alhamisi mchana, chumba cha upelelezi, kituo cha polisi cha Bagamoyo. Zayed bin Shihab alikuwa muuza saruji na mabati, duka lake Mapinga, nyumba yake mjini. Kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi ikapigika, na udi wake ulitangulia kuingia kabla ya mwenyewe. Mtu wa namna hiyo humdhanii kushika spana ya tairi akamvunja fundi mkono. Lakini alimvunja, Jumatatu, uani kwake, mchana kweupe, wala hakukana. Alichodai ni kwamba alikuwa na haki.

"Moyo wako ulikuwa Mapinga, Bwana Zayed. Mkeo na fundi walikuwa hapa mjini. Nani alikupigia simu?"

"Hakunipigia mtu. Simu yangu mmekaa nayo kutwa nzima. Mmeona nini?"

"Hatukuona kitu."

"Basi. Mwenye mke anajua tu. Wewe una mume, afande. Hujui?"

Somoe alijua sana. Mume wake, Mosi, alikuwa na mke wa pili huko Miono, Zuhura, mwanamke mweupe mwenye sauti ya kubembeleza, na wiki hii ilikuwa zamu ya Zuhura. Tangu Mosi aondoke, Somoe alikuwa anakula bila kujua kama chakula kina chumvi. Aliliacha swali lile lipite.

"Nieleze tena ulichokikuta."

"Mlango wa gari wazi. Fundi Najim kajilaza kiti cha mbele, kichwa kakiingiza chini ya dashibodi. Mke wangu kamwinamia. Na nikamsikia Najim kwa masikio yangu haya mawili akimwambia, 'Shika hapa, usiogope, haiumi.'" Zayed akaegemea meza. "Ungekuwa wewe, afande?"

"Mimi ningeuliza kwanza kinachoshikwa ni nini."

"Nimeuliza mpaka nimechoka. Miezi mitatu sasa, gari la mke wangu halikosi kufa betri. Na kila likifa anaitwa huyo huyo. Kwani mtaa mzima wa Dunda mafundi wamekwisha, kabaki Najim? Mwanamke anaacha taa zinawaka makusudi ili betri ife, apate sababu ya kumwita." Akajinyoosha kola. "Talaka mbili anazo tayari. Kesho, baada ya sala ya Ijumaa, mbele ya kaka yake, namalizia ya tatu. Watoto watabaki na mama yangu, na kila mtu atajua mama yao kaachwa kwa nini. Mkono wa fundi nishitakini, sijali. Ila muandike kilichonifanya nipige."

Mkuu wa upelelezi hakupenda kesi za ndani ya nyumba za watu. Alimwita Somoe pembeni akamwambia wazi: kama yule mwanamke kweli ana jambo na fundi, wazee wayamalize wenyewe, kama hana, Zayed aende mahakamani bila kuonewa haya. Jibu alitaka alipate kabla watu hawajaenda msikitini kesho.

"Wewe ulikuwa gereji ya polisi kabla hujaja kwangu," alisema. "Binadamu wote wanaapa. Kaiulize betri."

Nyumba ya Zayed ilikuwa na ua mpana, geti la chuma, na baraza ya saruji iliyong'arishwa kwa miaka ya watu kuikalia. Juu ya baraza alikuwa mama yake Zayed, Bi Ghalia, miguu kaikunjia ndani ya kanga, tasbihi mkononi.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Huda! Wageni."

Huda alitoka ndani, na Somoe akaona papo hapo kinachoweza kumpagawisha mtu. Alikuwa mzuri, uzuri wa kuwafanya watu wasahau walichokuwa wanasema, na alikuwa amejifukiza hata katika wiki kama hii. Alisalimia kwa sauti ndogo, laini. Somoe alimchukia pale pale. Hakuwa na sababu ya maana, ila alikuwa ameshachoshwa na wanawake wenye sauti ndogo, laini. Moyoni akamhukumu kabisa: huyu taa kaziacha makusudi.

Gari lilikuwa kivulini, dogo, jeupe, lina vumbi la siku kadhaa. Ufunguo alikuwa nao Bi Ghalia, kaufunga kwenye pindo la kanga. Tangu siku ya vurugu hakuna aliyeligusa.

Somoe alianza na swichi kabla ya kugusa kitu kingine. Taa za mbele zilikuwa zimezimwa. Taa ya ndani vilevile. Redio pia. Hata milango ilifungwa sawasawa, hakuna uliobaki nusu. Akafungua boneti, akaweka nyaya za mita juu ya betri, nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Betri iliyoshiba, gari likiwa limepumzika, husoma volti kumi na mbili na nusu na zaidi. Hii ilisoma kumi na moja na kitu kidogo.

"Jumatatu Najim alileta betri hii ikiwa na chaji?"

"Ndiyo," Huda alisema. "Alikwenda kuichaji kwake, akairudisha, akaifunga. Gari likawaka mara moja. Nikamwambia ahsante, akasema, 'Leo siondoki, dada. Nimechoka kuichaji. Leo nataka nimjue anayeinywa.' Akalizima gari, akaanza kutafuta."

"Halafu akakuambia ushike."

Huda aliinamisha uso. "Alinipa waya wa mita niugusishe kwenye betri, yeye yuko ndani anaangalia. Mimi umeme nauogopa tangu utoto. Akasema shika hapa, usiogope, haiumi."

"Na mumeo akawa ameingia."

"Hapana. Bado kabisa."

Somoe akageuka taratibu. "Bado?"

Bi Ghalia ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mtu aliyesema jambo hilo hilo mara nyingi bila kusikilizwa. "Mimi nilikuwa hapa hapa nilipo, na geti wazi kama ada yetu. Mwanamume haingii nyumba hii mwanangu hayupo mpaka mimi nimekaa hapa. Nilimsikia fundi akisema haiumi, nikamcheka Huda, nikamwambia shika, kwani nyoka huyo? Hata sijamaliza kucheka ikalia adhana ya alasiri. Nikaingia, nikatawadha, nikasali, nikavuta uradi wangu. Niko bado juu ya msala ndipo nikasikia gari la Zayed, na makelele."

"Haya umemwambia mwanao?"

"Nimemwambia. Kaniambia Huda kanilisha kitu."

Somoe alisimama pale na mita mkononi, na hakufurahi. Zayed aliyasikia maneno yaliyosemwa kabla ya adhana, naye alifika mama yake akiwa ameshatoa salamu. Ama bibi kizee huyu kalishwa kitu kweli, ama yale masikio mawili ya Zayed yanasikia toka Mapinga. Na kama ni hivyo, basi Huda huenda hana kosa. Somoe alikuwa ameshamhukumu, na kumtolea mtu hukumu upya ni kazi, hasa mtu mzuri.

"Nitaichukua betri," alisema.

Alilegeza hasi kwanza, chanya baadaye, kama alivyofundishwa gereji, maana ukianza na chanya na spana ikagusa bodi ya gari, cheche haikuulizi wewe ni afisa wa cheo gani. Akaipakia kwenye bajaji, imesimama wima miguuni pake, akaenda nayo Dunda.

Kibanda cha Najim kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Mwenyewe alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia ndani ya plasta toka kiwiko hadi vidole, akimtazama mke wake, Ashatu, akifagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

"Betri ya nani hiyo?" Ashatu aliuliza.

"Ya nyumbani kwa Bwana Zayed."

Ashatu aliitazama betri kana kwamba ina hina mikononi. "Itue huko nje, afande. Hiyo imeshalala ndani ya nyumba yangu vya kutosha. Mume wangu akiamka anaitazama hiyo kabla hajanitazama mimi."

"Ashatu," Najim alisema. "Mbele ya afande?"

"Afande naye ni mwanamke. Da Somoe, nikuulize. Fundi gani anaitwa na mtu mmoja miezi mitatu, na kazi haiishi?"

"Ndicho nilichokuja kukijua," Somoe alisema. "Mimi nataka kuichaji. Kama ikishindwa kukaa na chaji, basi betri yenyewe ni mbovu na mumeo ni fundi mbaya tu. Kama ikikaa, kuna kinachoimaliza kule kule kwenye gari."

Ashatu alifikiri kidogo. Fundi mbaya alikuwa bora kuliko mume mbaya. Akaipokea.

Najim alielekeza kwa mdomo, Ashatu na Somoe wakafanya kwa mikono. Kwanza walifungua mlango na dirisha, na Ashatu akamwita jirani aliyekuwa anakaanga mihogo ukutani kwao aondoe jiko lake. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota ukungu mweupe. Ashatu akavisugua kwa magadi yaliyolowekwa, akiwa mwangalifu tone lisiingie ndani. Akafungua vifuniko sita, akachungulia. Maji yalikuwa yamepungua kidogo, akaongeza maji ya betri mpaka yakafunika sahani za risasi, basi, hakujaza. Miwani ya kazi ya mumewe ilikuwa kubwa, ikawa inamteleza puani.

"Vibanio kwanza, umeme baadaye," Najim alisema. "Nyekundu. Sasa nyeusi. Haya, washa. Ampia nne, usizidishe."

"Tukiongeza si itajaa upesi?" Somoe aliuliza. Jibu alilijua, alitaka kumsikia anavyojibu.

"Betri iliyokufa ukiilazimisha inachemka, afande. Ikichemka inatoa gesi, na gesi hiyo inataka cheche moja tu ikufumue uso. Iache ishibe polepole mpaka asubuhi."

Mtu mwangalifu, Somoe aliwaza. Mtu wa namna hii, kama angekuwa na jambo la siri, asingelifanya geti likiwa wazi na mama mkwe yuko barazani.

"Jumatatu ulitafuta anayeinywa. Ulimpata?"

Najim alimtazama mkewe, kisha sakafu. "Mita ilionyesha kuna kinachovuta umeme wakati kila kitu kimezimwa. Nikang'oa fyuzi moja moja, hakikukoma. Nikaingia chini ya dashibodi. Huko nyuma kabisa nikagusa kifurushi, kimeshonewa kitambaa cheusi. Hirizi. Nikamuuliza Bi Huda, akasema hata yeye kaiona siku nyingi, labda ni kinga aliyoweka mama mkwe, niiache. Nikaiacha, nikaendelea kutafuta kwingine."

"Hukuifungua?"

"Kago la mtu, kinga ya mganga, siligusi. Mimi ni mtu wa Miono, afande. Haya tunayaogopa tangu tumboni."

Kwa kusikia Miono, Somoe alijihisi uso umepata moto, akaona haya kwa ajili ya kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Ashatu alikuwa ameacha kufagia. "Kwa hiyo ndicho mlichokuwa mnaangalia humo ndani?"

"Ndicho."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza alikuwa kavaa nini."

Asubuhi, Ashatu aliizima chaja ukutani kabla hajagusa vibanio, akaiacha betri itulie huku wakinywa chai. Kisha wakaipima. Mita ilisoma kumi na mbili na nukta saba. Ashatu akachukua bomba la kioo lenye boya ndani, la kupimia nguvu ya maji ya betri, akavuta maji ya kila tundu, moja baada ya jingine, na kila mara boya lilielea juu kwa kiwango kile kile. Mwisho Najim akamwelekeza kuibebesha mzigo kwa kipimo kikubwa cha vibanio vinene, kile kinachoifanya betri ijione inawasha lori. Sindano ilishuka kidogo, ikasimama, ikakataa kushuka zaidi.

"Nzima," Ashatu alisema. Ilimtoka kwa shida. "Haina kosa lolote."

"Na Jumatatu ilikuwa nzima," Somoe alisema. "Gari halikutoka, taa zilizimwa, na kufika jana imekauka."

"Basi si yeye anayeiua." Ashatu alivua miwani. Alikuwa amekaa na chuki yake miezi mitatu, na sasa hakujua aiweke wapi. "Nenda kaitazame hiyo hirizi, da Somoe. Mimi nataka kujua nani kanivunjia mume."

Somoe alipofika kwa Zayed, watu walikuwa wameshakusanyika. Zayed, aliyeruhusiwa jana kurudi nyumbani, alikaa barazani na kanzu mpya, kofia ya kazi nyingi kichwani. Kando yake alikuwa Humoud, kaka mkubwa wa Huda, aliyetoka Dar es Salaam alfajiri kuja kusikia aibu ya dada yake. Bi Ghalia alikuwa kwenye kigoda mlangoni. Huda alisimama nyuma yake, macho yamevimba. Kwa mara ya kwanza Somoe alimwona bila kuona uzuri wake, akaona tu mtu asiyelala.

"Gari la kazi gani tena?" Zayed aliuliza alipoona betri. "Liacheni. Tuna mambo ya maana leo."

"Na mimi nimekuja kwa hayo hayo."

Aliiweka betri mahali pake, akafunga chanya. Upande wa hasi hakuufunga; aliweka mita katikati ya waya na kichwa cha betri, ili kila umeme utakaotoka upite kwake kwanza. Askari aliyekuja naye alifunga geti. Ufunguo wa gari ulikuwa bado kwenye pindo la kanga ya Bi Ghalia, kila kitu kimezimwa. Mita ingepaswa kusoma karibu na sifuri, umeme wa saa ya gari tu. Ilisoma karibu nusu ya ampia.

"Umeme huu unakwenda wapi, Bwana Zayed?"

"Niulize mimi? Mimi nauza saruji."

"Bi Huda, njoo. Simama hapa mlangoni mwa gari, kama siku ile. Useme chochote."

Huda alisogea. "Niseme nini?" aliuliza kwa ile sauti yake ndogo. "Sina la kusema ambalo sijalisema."

Barazani simu ikalia.

Zayed aliingiza mkono ndani ya kanzu, akaibonyeza ikanyamaza.

"Pokea tu," Somoe alisema.

"Si ya maana."

"Sawa. Bwana Humoud, naomba nawe uje. Kaa kiti cha mbele, utoe salamu."

Humoud alishuka barazani haelewi, akakaa, akatazama huku na huku. "Asalaam aleikum," akasema kwa dashibodi, kama mtu aliyeambiwa amsalimie jini.

Simu ikalia tena ndani ya kanzu ya Zayed. Safari hii hakuifikia upesi, na kila mtu uani alisikia inavyolia, wimbo wa furaha.

"Simu yako tuliikagua," Somoe alisema. "Hii ni ipi?"

Askari alikwenda akanyoosha mkono, na Zayed, akimtazama mama yake na si askari, akaitoa.

Somoe akamwashiria Humoud ashuke, akapiga magoti kando ya gari, akaingiza mkono chini ya dashibodi mpaka begani. Kitambaa. Kidogo, kigumu, kimeshonwa pande zote kwa uzi mzito. Hata yeye, na cheo chake, vidole vilisita.

"Usiguse, mwanangu!" Bi Ghalia aliinuka. "Kinga ya mtu hiyo, nimeiona zamani! Huda, si uitoe mwenyewe kama ni yako?"

"Yangu?" Huda aligeuka. "Mama, si yako?"

Wanawake wawili wakatazamana. Miezi mitatu kila mmoja alikiacha kile kitu kwa heshima ya mwenzake.

Somoe alisema bismillahi, akakivuta, akakata uzi kwa wembe. Ndani hamkuwa na karatasi wala zafarani. Kilikuwa kidude cheusi cha plastiki chenye taa nyekundu ndogo ikipepesa, laini ya simu imepachikwa ubavuni, na nyaya mbili zilizounganishwa moja kwa moja kwenye waya mkuu wa gari, kabla haujafika kwenye fyuzi yoyote.

"Kinasikia sauti, kinampigia mwenyewe," alisema kwa Humoud na Bi Ghalia. "Ndiyo moyo wa Bwana Zayed huu. Wewe Bwana Zayed, Jumatatu uliupokea ukiwa Mapinga, ukasikia haiumi, ukawasha gari. Maneno yalisemwa kabla ya adhana. Wewe ulifika mama yako yuko juu ya msala."

"Nilikuwa na haki ya kujua!" Zayed alisimama. "Mke ni wangu!"

"Na ulijua nini? Kidude hiki kinakuonyesha pia gari liliko. Lilikwenda wapi?"

"Haliendi popote. Ndiyo hapo, hamuoni? Mwanamke haendi popote kwa sababu analetewa hapa hapa!"

Humoud akasogea karibu na dada yake.

"Sasa nisikilize mimi," Somoe alisema. "Kitu hiki kinakula umeme mchana na usiku. Mkeo haendeshi kila siku, kwa hiyo betri haipati cha kurudishiwa. Inakufa. Ikifa, na kidude kinakufa nayo. Siku mbili, tatu, husikii kitu, unakaa Mapinga unajitafuna. Halafu anakuja Najim na betri iliyochajiwa. Anaifunga, kidude kinafufuka. Sauti ya kwanza unayoisikia ni ya nani?"

Zayed alikitazama kile kidude mkononi mwa Somoe. "Kidogo hivyo?" akasema. "Kidogo hivyo kinamaliza betri?"

"Ulikuwa unamwita wewe, Bwana Zayed. Kila mara. Kisha ukamvunja mkono kwa kuitika."

Bi Ghalia alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga. Somoe akamwambia Zayed kwamba yuko chini ya ulinzi kwa kumjeruhi Najim, na safari hii maelezo yake yataandikwa pamoja na habari ya hicho kidude.

Zayed aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia habari za mbali. Kisha uso ukamlainika. Alimgeukia mke wake, na kweli alikuwa anampenda, hilo hakuna aliyeweza kulikana. Alimpenda kama bahili anavyopenda ufunguo.

"Basi," akasema. "Yamekwisha. Leo sitamki kitu. Ingia ndani, mke wangu. Nimekusamehe."

"Umenisamehe nini?"

Zayed akaivua kofia, akaivaa tena.

"Nilichokuwa naogopa ni jina langu," Huda alisema. "Wanangu wakue waambiwe mama yao aliachwa kwa uchafu. Sasa kaka yangu kasikia, mama yako kasikia, na serikali imesikia. Siogopi tena." Akamgeukia Humoud. "Kaka, nipeleke kwa kadhi. Nataka khului. Mahari yake nitamrudishia, na dhahabu ya harusi aichukue."

Ile sauti ilikuwa bado ndogo, bado laini, na ilifika mpaka getini. Somoe alimwonea wivu kuliko alivyowahi kumwonea Zuhura. Safari hii haukuwa wivu wa uzuri. Mwenzake alikuwa ameyasema, mchana, mbele za watu, maneno ambayo yeye Somoe hajawahi kuyasema hata peke yake jikoni.

Humoud alimtazama Bi Ghalia, kwa adabu, kama anayeomba ruhusa. Bi Ghalia alilia kimya kimya. Kisha akafungua pindo la kanga, akaufungua ufunguo wa gari, akauweka mkononi mwa Huda na kuyafunga mwenyewe vidole vyake juu yake.

Askari alimshika Zayed mkono. Zayed akajinasua, akarudi hatua moja, na udi wake ukarudi naye.

"Ni nani?" akasema. Sauti ilikuwa imevunjika. "Mwanamke haondoki hivi hivi. Yupo mtu. Si fundi, sawa, nimekubali si fundi. Lakini yupo. Nitajie jina lake tu, Huda, wallahi simfanyi kitu. Nani aliyeninyang'anya?"

"Zayed bin Shihab," Huda akasema, akaingia ndani kuwavalisha watoto viatu.